Ikiwasha, Egesha

DEREVA: Haloo? Nani mwenzangu?

DADA: Mtu uliyemwambia jana kwamba umeacha sigara.

DEREVA: Ah, shikamoo, dada. Namba ngeni, sikuku—

DADA: Marahaba. Simu ya jirani. Yangu huwa huipokei. Bosi wako kanipigia, lori lake limesimama njiani mara tisa tangu asubuhi. Kaniuliza kama mdogo wangu anaharisha.

DEREVA: Siharishi. Nafuata dawa.

DADA: Dawa gani hiyo ya kusimamisha lori?

DEREVA: Si ile chingamu ya kliniki. Nesi alisema nitafune polepole, ikiwasha, niegeshe. Ikiacha kuwasha, nitafune tena.

DADA: Ehe.

DEREVA: Basi ikiniwasha mdomo, naegesha. Nawasha taa za tahadhari, natulia. Ikiacha, naondoka. Hata sasa nimeegesha.

DADA: Mdogo wangu. Alisema uegeshe chingamu.

DEREVA: Wapi?

DADA: Mdomoni. Kati ya shavu na fizi. Dawa inaingilia hapo, haiingilii kando ya barabara.

DEREVA: Kumbe. Mimi nilikuwa nameza mate tu. Ndiyo maana nina kwikwi.

DADA: Hongera. Na ile plasta ya nikotini?

DEREVA: Ipo. Kwenye dashibodi.

DADA: Kwani dashibodi nayo inavuta?

DEREVA: Inabanduka kwa jasho, dada—

DADA: Begani, pakavu, pasipo na nywele. Plasta ya kutwa nzima, chingamu ya pale hamu inapokukaba. Viwili pamoja vimepimwa kwa maelfu ya watu. Yule babu wa stendi aliyekuuzia dawa ya chupa alimpima nani?

DEREVA: Alisema nitatapika sigara zote.

DADA: Ukatapika nini?

DEREVA: Chakula cha mchana. [tik]

DADA: Nini hicho?

DEREVA: Indiketa.

DADA: Umeegesha. Indiketa ya kwenda wapi?

DEREVA: Haloo? Mtandao, dada, unakatakata—

DADA: Kitakachokatwa ni mguu. Daktari alisemaje?

DEREVA: Nikiendelea kuvuta, mshipa wa mguu utaziba. Mguu watauondoa.

DADA: Upi?

DEREVA: Wa kulia.

DADA: Wa mafuta na breki. Safi kabisa. Utakuwa dereva wa kochi.

DEREVA: Dada, maneno hayo umeyatoa wapi? Udaktari hukusomea.

DADA: Nimepanga sigara kwenye pakiti kiwandani miaka kumi na tisa. Meneja sikumwona akivuta hata moja. Yeye pipi za mnanaa. Sisi kila Ijumaa pakiti mbili, eti zawadi ya mfanyakazi. Nilipouliza mbona wenzangu wanakohoa, nikapewa zawadi nyingine, barua ya kufukuzwa. Ninayo mpaka—

DEREVA: Najua. Hata tarehe naijua.

DADA: Na zile pakiti za Ijumaa nilikuwa naziweka wapi?

DEREVA: Tuyaache hayo.

DADA: Wapi?

DEREVA: Juu ya kabati. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, dada. Mwizi nilikuwa mimi.

DADA: Nilikuwa naona zinapungua.

DEREVA: Haloo?

DADA: Nipo.

DEREVA: Nilidhani umekata.

DADA: Hiyo indiketa yako, izime.

DEREVA: Nimeizima. Nimeitupa, na kiberiti.

DADA: Plasta.

DEREVA: Ngoja nivue shati... Tayari. Begani.

DADA: Chingamu.

DEREVA: Natafuna... Inawasha.

DADA: Egesha.

DEREVA: [chingamu shavuni] Shawa, nimeegesha.

DADA: Sasa washa lori, mzigo wa watu unaoza. Jumatatu saa mbili nitakuwa mlangoni kwa nesi. Nikikunusa tu, mguu huo nitaukata mimi mwe—

DEREVA: Dada? Haloo? Shalio limekwisha. Haya. Njoo, dada. Njoo uninushe.