Tunamwombea Ketaki Arudi Darasani

Mgeni rasmi, Profesa Shibani Lahiri, Mwenyekiti wa Baraza la Taaluma, walimu wetu, wanafunzi wenzetu:

KARIBU
Sisi wanafunzi wa uzamili wa takwimu tunakupokea hapa Kolkata kwa mikono miwili. Uliwahi kusoma kwenye madawati haya haya, kwa hiyo kwetu wewe ni dada mkubwa aliyerudi nyumbani.

MAFANIKIO
Mwaka huu tulikwenda visiwa vya Gosaba kuchunguza hali ya maji baada ya kimbunga. Kaya za kuhojiwa zilichaguliwa kwa bahati nasibu, bila upendeleo. Matokeo yetu ndiyo yanayotumika sasa kuamua visima vichimbwe wapi. Tunajivunia hilo.

CHANGAMOTO
Changamoto yetu ina jina: Ketaki Mahato, mwenzetu kutoka Purulia.

Kule Gosaba, bibi mmoja, Khiroda Mondal, alimzuia njiani.

"We binti, mbona unaniruka? Jirani wa huku umemhoji, wa kule umemhoji. Mimi nimekufa?"

"Hapana, bibi. Kompyuta ndiyo iliyochagua."

"Basi iambie hiyo kompyuta yako Khiroda bado anapumua!"

Majirani walicheka. Bibi hakucheka. Kimbunga kilikuwa kimemchukua mwanawe wa pekee, na tangu hapo hakuna aliyemuuliza lolote.

Ketaki alimaliza kaya alizopangiwa, kisha akarudi. Aliketi kizingitini kwa bibi akamuuliza maswali yote. Bibi alijibu kwa makini, kama shahidi mahakamani, na alipofika kwenye swali la idadi ya watu wa nyumbani, akalia. Ketaki alimshika mkono hadi akanyamaza. Hakuandika hata jibu moja, maana alijua kanuni: kaya isiyochaguliwa haiingii kwenye hesabu. Boti ya kuturudisha ikamwacha.

Msimamizi wa utafiti alimtafuta kwa hofu, na hasira yake tunaielewa. Lakini ikasemwa kwamba Ketaki aliacha kaya iliyochaguliwa akaweka ya bibi mahali pake, akasimamishwa masomo. Tuliomba ruhusa, tukarudi Gosaba kuzihoji upya kaya alizopangiwa. Majibu yalilingana na aliyoandika yeye. Taarifa ya mahojiano hayo iko mezani kwa Baraza lako, na mitihani inakaribia.

Ketaki yuko kwao, anapanda mpunga na mama yake. Tukimpigia simu anatucheka: "Acheni kugombana na walimu, nyie. Someni!" Kisha anakata haraka.

MAOMBI
Tunaomba Baraza liisome taarifa ile. Tunaomba pia kila utafiti utengewe nusu siku ya kuwasikiliza wasiochaguliwa, nje ya hesabu.

Tulipokuwa tunaondoka Gosaba, Bibi Khiroda alituuliza, "Yule binti yangu mbona hamkuja naye?" Tumemwahidi kwamba tutamletea jibu, Mgeni rasmi, na jibu hilo unalo wewe.

Mungu akujalie afya, na safari yako iwe nyepesi.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Uzamili wa Takwimu, Kolkata.
Imesomwa kwa niaba yao na Tathagata Sarkar.