Madirisha Kabla ya Moshi

Ndani ya basi, kwenye kiti cha mbele yangu, mwalimu wa chekechea aligundua kuwa mzee aliyekaa naye ndiye anayechoma matofali ng'ambo ya shule yake. “Kumbe ni nyie! Jana simu iliniletea onyo nifunge madirisha. Nikacheka, maana hewa ilikuwa safi. Saa nzima baadaye, moshi wenu huo!”

“Nani alikwambia?” Mzee alinigeukia, kana kwamba mchongezi ni mimi. “Hata mimi niliye tanurini hurusha majivu kwanza, ndipo nijue upepo.”

“Si mtu, baba,” mwalimu akamjibu. “Ni kompyuta. Inachukua habari za upepo kwa watu wa hali ya hewa, inapiga hesabu moshi wa tanuri utaelekea wapi, inatuma onyo yenyewe.”

“Makubwa haya! Inaujua moshi wangu kabla sijauona?” Kisha akatoa simu yake, akampa mwalimu. “Niunganishe na mimi.”

“Wewe? Huko tanurini utafunga dirisha gani?”

“Sina dirisha. Nataka nikichochea moto, nijue watoto gani wanafungiwa ndani.”

Basi likasimama. Kilikuwa kituo cha mzee, lakini simu yake bado ilikuwa mkononi mwa mwalimu, naye hakuinuka.