Siku ya Sita Niliyoogopa Kuwafundisha Wanangu

Wapendwa, mama anayeongoza kipindi cha watoto ameniambia, "Baba Mapasa, simama useme namna ulifundisha batoto uumbaji kule nyumbani." Nikamjibu kwamba mimi ni mchungaji wa ng'ombe, si mchungaji wa kanisa. Akasema leo hakuna anayetafuta mahubiri. Basi nisikilizeni kama mnavyomsikiliza jirani aliyekuja kuomba moto. Nitasema polepole, na sauti ikikatika mnivumilie.

Wengi mnanijua kwa jina hilo tu, Baba Mapasa, baba wa mapacha. Nina wa kike na wa kiume. Walizaliwa hapa hapa Uganda, katika kambi hii ya Nakivale, baada ya mimi na mama yao kufika tukitoka milima ya Kivu ya Kusini, Kongo. Ng'ombe wa baba yangu walibaki kule, au tuseme walikwenda na wale waliokuja na bunduki. Hapa tulipewa kiwanja na shitingi, lile turubai la plastiki la kuezekea. Tukakandika udongo, tukalima mahindi na maharage, na mimi nikapata kibarua cha kuchunga ng'ombe wa mwenyeji mmoja, hawa wenye pembe ndefu. Maisha yalikuwa madogo, lakini yalikuwa maisha.

Kuwafundisha watoto ilikuwa kazi ya mama yao. Asubuhi, akichambua maharage mlangoni, aliwaketisha kando ya ungo na kuanza: kwanza kulikuwa na giza, Mungu akaleta mwanga. Akifika kwenye ndege, watoto wanapunga mikono. Akifika kwenye ng'ombe, wananiangalia mimi na kucheka. Anamaliza na mtu, namna Mungu alivyochukua udongo akamfinyanga, halafu anawapulizia puani, wanakimbia wakipiga kelele. Mimi nilikuwa nasikia nikiwa natafuta fimbo yangu, halafu naenda zangu malishoni.

Mapacha walipokuwa wamefikisha umri wa kuuliza kila kitu, mama yao akaugua. Tulianza na zahanati ya hapa kambini, Base Camp, wakatupeleka Mbarara, hospitali. Dada yake anakaa Kakiika, pembezoni mwa mji, ndiye aliyekuwa anatuletea uji wodini. Waganga wa hospitali walihangaika naye, siwezi kusema vingine. Alikufa asubuhi, jua limeshatoka, watu wa vitanda vya jirani wakinywa chai. Nilikuwa nimemshika mguu, kwa sababu mikono yote ilikuwa na mipira ya dawa.

Tukamrudisha, tukamzika ng'ambo ya shamba letu. Ukisimama mlangoni kwangu unauona msalaba.

Ndugu zangu, nawaambia, kuna kuanguka kwa mtu aliyejikwaa, na kuna kuanguka kwa nyumba iliyoliwa na mchwa. Mimi nilianguka kama nyumba. Nililala kwenye mkeka na kufunga mlango. Mwenyeji alingoja, akangoja, mwisho akampa mwingine ng'ombe wake, na simlaumu. Magugu yakapita maharage. Jirani yangu, mama mmoja wa Burundi ambaye yuko hapa leo ameinamisha kichwa, alikuwa anawaita mapacha wakale kwake.

Siku moja alisimama mlangoni akasema, "Baba Mapasa, batoto banakula kwangu, na mimi sikatazi. Lakini bananiuliza baba yao anaumwa na nini. Niwaambie nini?"

Nikageukia ukuta. Akaweka kibakuli cha maharage kizingitini, akaenda.

Habari zikafika Kakiika. Shemeji akaja, akakaa kwenye kigoda, akaangalia jiko lisilo na majivu mapya.

"Shemeki," akasema, "mimi nitabeba batoto. Haiko kukunyang'anya. Kwangu kuna fasi, kuna ndizi, kuna shule karibu. Weye ukipona utakuja kubaona."

Nikasema, "Babebe."

Hivyo tu. Kama mtu anayeombwa panga la kukopa. Akarudi Mbarara kuandaa mahali, akaahidi kuja kuwachukua mwezi ukiisha.

Sasa nisikilizeni hapa. Mchana mmoja, jua kali, yule mama jirani akaniita kwa nguvu: "Baba Mapasa! Batoto bako wapi? Bamebeba bidoni yangu ya maji!"

Nikatoka. Mwanga uliniumiza macho. Nikafuata alama ya hiyo bidoni, dumu zito, ilivyokokotwa kwenye vumbi, kwa sababu wasingeweza kuibeba, wakaivuta. Alama ikakata shamba, ikaenda moja kwa moja makaburini.

Niliwakuta wamepiga magoti juu ya kaburi la mama yao. Wa kike anamwaga maji kwa kikombe, wa kiume anakanda tope. Alikuwa ameshafanya kichwa na mikono miwili. Tope lilimfika viwikoni.

"Munafanya nini?" nikauliza.

"Baba, usikanyage!" akasema msichana. "Tunalowesha udongo. Mama alisema Mungu anafinyanga mutu na udongo. Sasa huu umekauka sana. Mungu hataweza."

Ndugu yake hakuinua kichwa. Alisema tu, "Tumefanya kichwa chake. Lakini haamuki."

Wapendwa, nimepita vitani. Nimevuka mto nisioujua mwisho wake. Kote huko niliendelea kutembea. Siku ile niliketi pale pale kwenye tope.

Msichana akaniuliza, "Baba, Mungu atamufanya tena lini?"

Nikasema, "Sijui."

Akashangaa. Nadhani hakuwa amewahi kusikia mtu mzima akisema hivyo. Nikamwambia, "Baba hajui. Lakini tutaanza hadithi tangu mwanzo, tutaenda polepole, mpaka tufike fasi hiyo." Halafu nikalia mbele yao, kitu nilichokuwa nakifanya chini ya blanketi peke yangu. Msichana akanipangusa uso kwa mkono wa tope. Tulirudi nyumbani watatu tukiwa na rangi moja, na mama jirani alipotuona hakuuliza habari za bidoni yake.

Kusoma najua, ila kwa kusukuma. Kila jioni kabla jua halijazama nilisoma kwenye Biblia sehemu ya kesho, kama unavyopima kina cha mto kabla hujavusha ndama.

Siku ya kwanza nilifunga mlango, nikaziba dirisha kwa kitenge, tukakaa gizani. Wa kiume akanikamata mguu. Nikasema, "Hivi ndivyo ilikuwa. Sasa Mungu akasema mwanga uje!" Msichana akasukuma mlango, jua likaingia mpaka ukutani. Walicheka! Wakataka tena. Na tena. Tulifungua mlango ule mpaka bawaba ikalegea, na majirani waliokuwa wanapita wakasema, he, nyumba ya Baba Mapasa imefunguka.

Maji na nchi kavu tulifanya kwa beseni. Mimea tukapanda maharage kwenye kopo, na hapo somo likakaa muda mrefu, maana maharage hayaharakishwi. Wakati tunangoja, watoto walitaka kuona mimea mingine ya Mungu. Nikawapeleka shambani. Mtu hawezi kuonyesha watoto mimea ya Mungu iliyofunikwa na magugu, kwa hiyo nikachukua jembe. Sikujua kwamba narudi kazini. Nilidhani nafundisha.

Kwa samaki na ndege tulishuka ziwani, tukakaa mbali na mitumbwi, tukaangalia korongo anavyosimama kwa mguu mmoja. Msichana akafikiri, akauliza, "Baba, na vita, Mungu aliumba siku gani?"

Tukahesabu pamoja, siku kwa siku. Mwanga, mbingu, mimea, jua na mwezi, samaki. Halafu wanyama na mtu.

"Haiko mule," akasema.

"Haiko mule," nikasema. Na mimi pia nilikuwa nalisikia jambo hilo mara ya kwanza.

Siku ya sita ina wanyama, na kwa wanyama mimi ni profesa. Niliwafundisha ng'ombe, namna anavyomlamba ndama, namna anavyomjua kwa harufu. Kesho yake tukafanya mbuzi. Kesho yake kuku. Nilifika mpaka kwenye mijusi. Mnacheka, lakini nilikuwa nakimbia. Baada ya wanyama kuna mtu, na kwenye mtu kuna udongo.

Msichana ndiye aliyenikamata. "Baba, banyama bameisha. Sasa mutu."

Na asubuhi hiyo hiyo, shemeji akatokea kutoka Mbarara, ana begi la nguo mpya za watoto. Mwezi ulikuwa umekwisha. Akasimama mlangoni akitutazama tumeketi chini, kopo la maharage yaliyoota katikati yetu. Nikamwambia, "Karibu, shemeji, kaa. Tumalizie kitu kimoja, halafu tutaongea." Akakaa.

Nikachukua udongo, nikaulowesha, nikafinyanga mtu mdogo. Nikamweka mbele yao.

"Anaamka?" nikauliza.

"Hapana," wakasema.

"Mungu alifanya nini kingine?"

Wakamgeuzageuza mkononi. Halafu wa kiume akaweka kidole kwenye pua yake. "Mama alitupuliza hapa."

"Ndiyo," nikasema. "Mungu alimpulizia mutu pumzi yake. Mimi na ninyi tunaweza kukanda udongo mpaka jioni, lakini pumzi ile hatuna. Ni ya Mungu. Mama yenu alipokufa, udongo ulibaki kwetu, tukauzika. Pumzi ilirudi kwa mwenyewe. Yeye ndiye anaitunza, na siku yake ikifika atamwamsha mama. Siku hiyo siijui. Lakini haingoji maji yetu."

Mwanangu wa kiume alimwangalia yule mtu wa udongo. Halafu akasema, "Basi tusimumwagie maji tena. Atasikia baridi."

Shemeji akatoka nje. Tulimsikia akilia nyuma ya nyumba, maana hata yeye alikuwa hajamlilia dada yake vizuri, alikuwa anashughulika na sisi. Aliporudi, macho mekundu, aliwavalisha watoto zile nguo mpya. Nikajua anawachukua. Nikasema, "Shemeji, niliposema babebe, nilikuwa nimelala."

Akaniangalia. "Ninaona umeamuka," akasema. "Bakae. Mimi nitakuwa nakuja. Na likizo utanipa batoto, niwafundishe ndizi."

Begi akaliacha.

Wanangu sasa wako shule ya msingi, warefu, wabishi. Likizo wanakwenda Kakiika na wanarudi wamenenepa. Watoto wadogo wa majirani ndio wanaokaa mlangoni kwangu asubuhi, kabla sijatoka na ng'ombe, maana mwenyeji alinirudishia kazi, na wananiuliza mambo ambayo hakuna mtu anayajua.

Nashukuru. Namshukuru mama jirani kwa maharage aliyoacha kizingitini bila kunisema. Namshukuru shemeji, ambaye alikuja kuchukua akaishia kutoa. Nawashukuru waganga wa Mbarara, na ninyi mlionichimbia kaburi siku ambayo sikuweza kushika sururu. Na mama yao namshukuru, aliyewapandia watoto neno ambalo mimi nilikuja tu kulipalilia.

Kama kuna ninachoweza kuwaachia, ni hiki. Msingoje Jumapili, na msiseme mtoto ni mdogo hataelewa. Ataelewa nusu, na ile nusu nyingine ataitafuta peke yake, hata makaburini. Afadhali aitafute akiwa na wewe. Mzazi ambaye swali la mtoto limemshinda, asione haya. Aje kwangu asubuhi, amlete na mtoto. Tutashindwa wote wawili, tutasema hatujui, halafu tutaanza tena tangu mwanzo.