Darasa Lililohamishiwa Kwenye Simu

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Meya, karibu sokoni. Utuwie radhi kwa kukupokea juani. Ukumbi una kufuli, na ufunguo uko ofisini kwako.

Tulikotoka

Sisi ni wapiga pasi, mafundi viatu na wauza mboga tuliokosa shule utotoni. Humo ukumbini, kila jioni, tulifundishwa kusoma na mwalimu tunayemwita Babu Chaki. Mwaka jana Jiji lilizindua masomo ya mtandaoni kwa wakazi wote. Wiki hiyohiyo Babu Chaki aliachishwa kazi, mlango ukafungwa. Tukaambiwa, "Siku hizi kila kitu kiko kwenye simu."

Mafanikio

Vijana waliokwisha kujua kusoma wamejifunza uhasibu kwenye masomo hayo ya simu. Tunawapongeza kwa dhati. Kwa upande wetu, hakuna.

Yaliyotukuta

Mama Pasi, mwenzetu wa kibanda cha kona, alikuwa ameanza kuunganisha silabi. Alitaka kusoma maandishi ya dawa za mumewe, mgonjwa wa moyo. Darasa lilipofungwa, alikwenda ofisi za Jiji na simu ya kuazima.

"Mwanangu, mimi sijui kusoma. Naanzia wapi?"

Ofisa hakuinua hata macho. "Mama, soma maelekezo, halafu bonyeza palipoandikwa Anza."

Mheshimiwa, hatukucheka.

Baadaye alichanganya vichupa, akampa mumewe dawa isiyo ya saa ile. Mzee alianguka bafuni, akalazwa. Amerudi nyumbani, anatembea kwa kushikiliwa. Mama Pasi hathubutu tena kumpa dawa mpaka jirani aje amsomee. Jirani asipokuwepo, hukaa na vichupa mapajani, analia. Mwanamke aliyelea watoto sita! Tumekasirika, na hatuoni sababu ya kuficha.

Maombi

Fungueni ukumbi. Mrudisheni Babu Chaki. Masomo ya simu yaendelee kwa wanaoyaweza.

Na hivi vyeti vya kuhitimu masomo ya simu vilivyopangwa mezani, ulivyokuja kutugawia, tunaomba uondoke navyo. Hatupokei cheti cha somo tusilolisoma. Cha Mama Pasi ndicho cha juu kabisa. Asubuhi alikishika, akakigeuza huku na huku, akatuuliza, "Kimeandikwa nini?"



Mungu akufikishe salama, na akujalie masikio ya kutusikia.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Darasa la Jioni, Sokoni.