Dobi Anachagua Kisu

Benchi lile lina miguu yake mitatu na tofali la saruji mahali pa mguu wa nne, na kila mtu wa pale anajua asikae upande gani. Limeegemea ukuta wa duka la vifaa, jirani kabisa na kibanda cha dobi, na mbele yake muuza kahawa huweka jiko lake na birika lililopinda mdomo. Kuanzia asubuhi wanaume watatu hukaa hapo kana kwamba wameajiriwa kukaa. Wa kwanza ni karani mstaafu anayeitwa Kamusi, kwa sababu hakuna neno lililowahi kumshinda, hata yale ambayo hayapo. Wa pili ni Skrepa, mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye vidole vyake vina kutu isiyotoka kwa sabuni. Wa tatu ni Komando, mlinzi wa ghala la magodoro. Katika miaka yake yote ya ulinzi Komando hajapambana na adui yeyote isipokuwa usingizi, na mara nyingi ameshindwa yeye.

Asubuhi hiyo Dobi alitoka dukani na visu vitatu vya kukunja, amevishika ndani ya kitambaa. Mwenye duka alimwambia avitazame vizuri kwenye mwanga, achague kimoja, viwili avirudishe. Basi Dobi akavipanga juu ya benchi, halafu akafanya kosa ambalo hata mgeni wa mtaa asingelifanya: akawaomba wale watatu maoni yao.

Hakuwaambia kisu ni cha nini. Mke wake, Mungu ailaze roho yake mahali pema, alikuwa na kisu kidogo cha kukunja kisichotoka kwenye mkoba wake. Kila alasiri alikuwa akikaa barazani na mama yake mzazi, anamenya embe, analikata vipande vyembamba, anampa mkononi kimoja kimoja, kwa kuwa mama alikuwa amebakiwa na meno machache tu. Kisu kile kilipotea siku za msiba, katika pilikapilika za wageni na vyombo vya kuazima. Msiba ukaisha, watu wakatawanyika, mama mkwe akabaki kwa Dobi. Dobi alijaribu kumkatia embe kwa kisu cha jikoni, kile kirefu cha kukatia nyama. Mama alikitazama kisu, akamtazama mkwewe, akasema, “Nimeshiba, baba.” Kesho yake akashiba tena.

Sasa mtoto wa kiume wa mama huyo alikuwa anakuja na gari kumchukua, maana, alisema kwenye simu, mzee atakaaje katika nyumba isiyo na mwanamke. Mama hakukubali wala hakukataa. Alifunga begi lake, basi. Dobi alikesha akitafuta namna ya kumwambia abaki. Lakini mtu anamwambiaje mama mkwe kwamba nyumba itamwelemea asipokuwepo? Maneno hayo hayakuwa na njia ya kupita kooni kwa mtu mwenye heshima zake. Kisu kizuri, hata hivyo, kingeweza kumsemea. Wazo hilo lilimjia baada ya sala ya alfajiri, na kwa kuwa lilikuja baada ya sala, hakulitafutia kasoro. Embe lilikuwa tayari kibandani, juu ya meza ya kupigia pasi.

— Nina haraka, alisema Dobi. Niambieni tu, kipi kizuri?

— Subiri, ndugu yangu, alisema Kamusi, akaweka kikombe chini. Kwanza tukubaliane kisu ni nini.

— Kisu ni kisu, alisema Komando.

— Unaona? Ndiyo maana wewe unalinda magodoro.

Skrepa alikuwa ameshachukua kile chenye mpini wa mbao. Hakukifungua. Alikiweka sikioni, akakigonga kwa ukucha.

— Nyamazeni kwanza, jamani.

Wakanyamaza. Hata muuza kahawa aliacha kugonganisha vikombe vyake.

— Chuma hiki kimetoka kwenye springi ya gari, alisema Skrepa. Gari kubwa. Kimebeba mizigo sana, lakini hakina kinyongo.

— Umejuaje kama ni gari kubwa?

— Gari dogo lina sauti ya kulalamika.

Dobi alitikisa kichwa kwa adabu. Macho yake yalikuwa barabarani, kule magari yanakotokea.

— Achana na masikio yake, alisema Komando, akachukua kisu cha pili, cheusi, chenye kibanio cha kuning'iniza mfukoni. Kitu cha kwanza ni loki. Ukifungua, lazima kikae. Kisipokaa, siku utakapokandamiza kitajikunja kikukate vidole. Tazama.

Akakifungua kwa dole gumba, kikalia *tak*. Akasukuma mgongo wa bapa kwa nguvu zake zote, na kisu hakikuyumba. Hapo Dobi alisogea karibu, kwa sababu lile lilikuwa jambo la maana.

— Halafu umeona? Mkono mmoja! Kisu cha mwanamume kinafunguka kwa mkono mmoja.

— Kwa nini mmoja? aliuliza Dobi.

— Kwa sababu wa pili umeshikwa.

— Umeshikwa na nani?

— Dobi, ukiwa bado unauliza ni nani, umeshachelewa.

Dobi alifikiri. Mkono wake wa pili ungekuwa na embe. Kwa hiyo Komando, kwa njia zake, alikuwa amesema kweli.

— Ninyi mnanunua ncha, alisema Kamusi. Mimi nanunua uwezekano. Akainua kile cha tatu, kinene kama kipande cha sabuni, akaanza kukichambua: mkasi huu hapa, kifungua kopo, bisibisi, tupa ya kucha, kijiti cha meno. Siku ukikwama ndani ya lifti, Dobi, unatoa bisibisi, unafungua ukuta, unatoka zako.

— Mtaa huu una lifti? aliuliza Skrepa.

— Ndiyo maana nimesema uwezekano.

Komando alichomoa kile kijiti, akakipeleka moja kwa moja kwenye jino lake la nyuma, ambako nyama ya jana ilikuwa imelala.

— Hicho umeshakioa, alisema Skrepa. Hakirudi tena dukani.

— Nimekijaribu tu!

Likaja suala la makali. Walikubaliana wote, jambo la nadra pale, kwamba makali hupimwa kwa kunyoa nywele za mkono. Komando akatoa mkono wake wa kushoto, Skrepa akatoa wake, na Kamusi akakunja shati taratibu kama anayekwenda kudungwa sindano. Dobi alitoa wake kwa ajili ya umoja. Walipofika kisu cha tatu, benchi zima lilikuwa na mikono laini kama ya watoto wachanga, na Komando alikuwa anakunja suruali ili wahamie miguuni.

— Haya, sasa mmeharibu, alisema Skrepa ghafla.

— Tumeharibu nini?

— Chuma kina kumbukumbu. Kitu cha kwanza kinachokatwa ndicho kinachokifundisha kazi. Kikianza na karatasi, kitakuwa kivivu maisha yake yote. Kikianza na mfupa, kitakuwa na bidii. Sasa hivi vimeanza na nywele.

— Kwa hiyo?

— Kwa hiyo vyote vitatu ni vinyozi.

Dobi aliingiwa na wasiwasi wa kweli. Alijua ni upuuzi, lakini tangu mke wake aondoke alikuwa amejifunza kwamba mtu mwenye hofu hachagui upuuzi wa kuamini.

— Havibadiliki? aliuliza.

— Labda uvilaze kwenye chumvi.

— Chumvi inaleta kutu, bwana! alisema Kamusi. Tatizo si nywele, tatizo ni saa. Kisu hakinunuliwi asubuhi. Asubuhi chuma kina baridi, kimejikunyata. Unanunua kisu kirefu, unafika nyumbani mchana kinakuwa—

— Kinakuwa kirefu zaidi, alisema Komando.

— Kinakuwa kingine! Hukijui, hakikujui.

— Na mpini je? Dobi aliuliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuuliza jambo lake mwenyewe, na sauti yake ilitoka ndogo. Ukilowa, utateleza?

Komando akakaa wima.

— Ukilowa damu?

— Maji. Maji matamu.

— Maji matamu, alirudia Kamusi, na kwa muda mfupi kabisa ilionekana kama angeuliza maji matamu gani na ya nini. Lakini Skrepa alikuwa ameshamwaga kahawa juu ya mipini yote mitatu, wakaanza kuivuta kwa zamu. Kile cheusi kilichomoka mkononi kikaruka hadi kwenye jiko la muuza kahawa. Kile kinene kilimeza kahawa, kikagoma kukunjika. Cha mbao kilitulia mkononi.

— Basi nachukua hiki, alisema Dobi.

— Hapana! walisema wote watatu.

— Hatujakidondosha bado, alisema Komando, akakinyakua. Kisu ambacho hakijadondoka hukijui tabia.

Wakati huo gari likapita. Lilikuwa limeoshwa vizuri na lilikwenda polepole, dereva akitazama namba za nyumba. Dobi alimtambua shemeji yake.

— Nipe kisu, Komando.

— Mara moja tu, kutoka kwenye kimo cha bega.

— Nipe kisu nakwambia!

— Dobi ana hasira leo, alisema Kamusi kwa mshangao. Watu wanamsaidia na yeye anapandisha mori.

Komando akadondosha kisu. Kikaanguka chali. Wakabishana kama kuanguka chali ni dalili ya utulivu au ya uvivu, kisha wakakidondosha tena kuhakikisha, na Dobi alipofanikiwa kukipata, lile gari lilikuwa linarudi. Likasimama mbele ya benchi. Mama mkwe alikuwa amekaa mbele, begi mapajani.

— Nisubiri hapa nimuage mwenzangu, walimsikia akisema.

Wakasimama wote kwa heshima, isipokuwa Komando, ambaye alikuwa amekaa upande ule wa tofali. Benchi likainuka kama mizani na kumwaga Komando chini ya mlango wa gari, upande wa mama.

— Shikamoo, mama, alisema Komando kutoka chini.

— Marahaba, baba. Umeumia?

— Hapana, mama. Ni mazoezi.

Mama alikuwa mdogo wa umbo, na kitambaa chake cha kichwa kilikuwa na mikunjo iliyosimama wima, maana Dobi alikipiga pasi mwenyewe, mara mbili. Alitazama vile visu, kahawa iliyomwagika, na mikono minne isiyo na nywele.

— Visu vyote hivi, alisema, ni vya nini?

Kamusi alifungua mdomo. Wale waliomfahamu kwa miaka walishuhudia jambo ambalo hawakuwahi kuliona: mdomo ulifunguka, na neno halikutoka.

— Vya usalama, mama, alijaribu Komando.

— Usalama wa nani?

— Hiki ni springi ya gari, alisema Skrepa.

— Sikuuliza kimetoka wapi, baba. Nimeuliza ni cha nini.

Wakageuka wote kumtazama Dobi. Walikuwa wamesikiliza chuma, wamenyoa, wamemwaga na wamedondosha, na hakuna aliyewahi kumuuliza mwenye kisu anataka kukata nini.

Dobi aliingia kibandani, akatoka na embe. Akafungua kile kisu cha mbao kwa mikono miwili, akavunjika ukucha, akaanza kumenya pale pale, amesimama, mbele ya shemeji yake na mtaa mzima. Embe liliteleza. Ganda lilitoka na nyama yake. Kipande cha kwanza kilikuwa kinene upande mmoja na hakipo kabisa upande mwingine. Maji matamu yalimtiririka hadi kwenye kiwiko, na Skrepa akashika kichwa kwa mikono miwili, lakini kwa mara ya kwanza hakuna aliyetoa ushauri.

Dobi alimpa mama kile kipande kwa mkono wa kulia.

— Mama, twende, alisema shemeji. Jua linapanda.

Mama alishuka garini. Akakaa kwenye benchi, upande ulio salama, akaweka kipande mdomoni. Alitafuna kwa muda mrefu, na wanaume wakangoja kama wanaongoja majibu ya daktari. Alipomeza, alinyoosha kiganja. Dobi akakata kingine, kibaya kuliko cha kwanza.

— Mama, alisema Dobi kwa sauti ya chini, mbona nyumbani ulikuwa unashiba?

— Ulikuja na lile panga la nyama, umenuna, hata neno moja husemi. Nilidhani umenichoka.

— Mimi? Mama, mimi…

Akainama, akakata kipande kingine.

— Marehemu alikuwa anakata vyembamba, alisema mama.

— Ndiyo, mama.

— Hivi vinene mno. Nina meno mangapi mimi?

— Nisamehe, mama.

— Kesho kata vyembamba.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni pa gari, funguo mkononi.

— Kesho, mama? Kesho ipi?

Mama alikuwa ameshanyoosha kiganja, anangoja kipande kingine.