Wasifu wa Bwana Panya, Pamoja na Sahihisho Lake

Marehemu ndugu yetu, ambaye nusu ya mji ilimjua kwa jina la Bwana Panya, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne wa fundi cherehani na muuguzi. Anayesoma haya ni dada yake mkubwa, aliyembeba mgongoni, kwa hiyo tusidanganyane: alikuwa mtoto mbishi. Akishasema, amesema.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958, akamaliza sekondari 1970, kisha akasomea elimu ya wanyama chuo kikuu. Siku ya mahafali, mwaka 1974, baba alimuuliza, "Miaka yote hiyo, mwanangu, ni panya tu?" Akajibu, "Panya tu, baba, na hata hao hawajaisha."

Oktoba mwaka huohuo aliajiriwa makumbusho, chumba cha mwisho upande wa uani, chenye makabati ya chuma na harufu ya dawa ya nondo. Kazi yake ilikuwa kupanga ukoo wa panya wa msituni: nani ndugu wa nani, na waliachana lini. Aliwatega, akawapima mkia na sikio, akawakagua meno kwa lenzi, akawajaza pamba na kuwafunga lebo mguuni. Mwaka 1985 alitangaza kwamba panya wa mlimani na panya wa bondeni ni aina moja. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa panya mmoja aliyenaswa mlimani akiwa na meno ya bondeni. Waliokuja nyuma yake wote waliandika hivyohivyo.

Tarehe 8 Desemba 1979 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu. Alipokwenda kujitambulisha, mama mkwe alilinusa koti lake, akauliza kwa upole kama kijana anauza mitumba. Wifi yetu ametuomba tuseme kwamba kwa miaka arobaini na minne hakuna panya wa jikoni aliyetupwa kabla hajakaguliwa meno.

Sasa tunafika mahali ambapo familia ilivutana. Mwaka 2004 mwanafunzi wake, binti hodari kuliko wote aliowahi kuwafundisha, alilinganisha vinasaba vya panya hao akaona si aina moja. Hata si ndugu wa tumbo moja. Ni binamu wa mbali. Siku ya kutetea tasnifu yake, marehemu alimkatiza mbele ya jopo: "Binti, panya hawa nimewashika kabla hujazaliwa." Jopo likamwamini mkubwa. Binti akafungasha vitu vyake, akaacha fani. Leo anafundisha darasa la kwanza.

Mwaka 2010, akijiandaa kustaafu, marehemu alilinganisha daftari lake la porini na vilivyomo kwenye droo. Yule panya shahidi, daftari lilisema mkia wake ni milimita 148. Aliyelala kwenye droo alikuwa na 121. Mwenye 148 alikuwa droo ya bondeni, na lebo ya mwenzake mguuni. Mwaka 1983, siku ya mvua kambini, panya wa pande zote mbili wakiwa meza moja, alizibadilisha lebo kwa mkono wake mwenyewe bila kujua.

Akanyamaza. Alimwambia mkewe tu. Mara mbili alifika hadi getini kwa yule binti, akarudi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na ndugu yetu alilijua hilo vizuri.

Novemba 2022 koo lilianza kumsumbua, ikaonekana ni saratani. Januari mwaka huu sauti ilikatika kabisa, akawa anaandika. Mwezi Juni aliandika sahihisho la lebo zile, na chini yake: "Lisomwe makaburini. Wenzangu wa kazini watakuwepo wote." Mwanawe wa kwanza alikataa. "Mama, tumvue nguo baba mbele za watu?"

Mama yake akamjibu, "Baba yako ndiye anayeomba. Alipokuwa na sauti hakusema. Sasa hana, tumsemee."

Alifariki Jumanne, tarehe 9 Julai 2024, saa nane mchana, mkewe akiwa amemshika mkono.

Basi, kwa idhini ya mjane: ndugu wa makumbusho, panya wa droo ya tisa, wa mlimani, na wa droo ya kumi, wa bondeni, si aina moja. Lebo zibadilishwe. Binti alikuwa sahihi, na aliyemnyima haki yake ni mtu tunayempenda. Inatuuma, wala hatuna la kumtetea. Taarifa ya msiba tulimpelekea binti huyo kwa mkono. Hatujui kama amefika, na tunaomba mtu asigeuze shingo kumtafuta.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu saba na dada mmoja. Ameacha pia ukurasa mmoja alioukunja na kuuandika jina la yule binti. Hatujaufungua, uko kwa wifi, kwenye mkoba wake, hata sasa tunapozungumza.

Mungu amjalie pumziko ambalo kwa miaka kumi na minne hakulipata.