Mikate Mibichi ya Samadi

Ndugu waombolezaji, mimi ni dada mkubwa wa marehemu, na najua shemeji yangu alitaka historia hii aisome yeye, ila mtanivumilia, nitaisoma mwenyewe.

Mdogo wangu alizaliwa tarehe 9 Machi 1979, kitinda mimba wa fundi seremala, akamaliza darasa la saba mwaka 1993, kisha akajifunza ushonaji, akashona sare za shule huku akiimba tangu asubuhi, mpaka majirani wakawa wanamwomba anyamaze kidogo wapumue.

Tarehe 14 Juni 2003 alifunga ndoa na shemeji, huyu aliyekaa mbele na suti mpya, wakajaliwa binti mmoja, na cherehani ikafunikwa gunia, maana bwana alianzisha biashara ya samadi ya kupikia, yaani kinyesi cha ng'ombe kinachochanganywa na makapi, kikafinyangwa kama mikate na kuanikwa juani, akijigamba kuwa ni nishati isiyokwisha maadamu ng'ombe anakula. Wageni walikuja wakapiga picha marundo yake, wakamsifu, wala hakuna aliyechungulia jikoni.

Wangechungulia wangeona kwamba mikate mikavu iliuzwa yote, na mibichi, ile yenye moshi mwingi kuliko moto, ikabaki ya kupikia nyumbani, tena msimu wa mvua shemeji aliipanga dirishani ikaushwe na joto la jiko, dirisha likaziba, na mdogo wangu akapika humo akikohoa miaka yote hiyo. Simlaumu ng'ombe, wala samadi yake, namlaumu aliyeipanga dirishani.

Alianza kuugua mwaka 2021, daktari akaagiza asikae kwenye moshi, shemeji akaitikia kwa adabu zote, na dirisha likabaki vilevile, hadi mauti yalipomkuta tarehe 2 mwezi huu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, washonaji wenzake, na jirani aliyempeleka hospitali kwa mkokoteni wake wakati shemeji yuko sokoni. Shemeji, wewe sikushukuru.

Leo asubuhi nimemkuta binti yao, ambaye tangu mama yake alazwe hajaonekana darasani, yumo jikoni humohumo anawachemshia chai, macho mekundu, na si kwa kilio tu. Nguo zake nimeshazifunga, ziko garini, tukitoka makaburini naondoka naye, na anayetaka kubisha asimame sasa, abishe na mimi mbele ya jeneza hili.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu, mwanao nimemchukua.